Kipimo cha Mabayani

Tulitoka Pongwe umande haujakauka, mimi na Mwajabu,
tairi la nyuma likilia kwi, kwi, kwi,
kama kifaranga kilichosahauliwa nje ya tenga.
"Tia mafuta," akasema dada.
Nikamjibu nimeshatia.
Nilikuwa sijatia.

Baiskeli ni ya baba, Swala ya kijani,
rangi imebaki pale tu mapaja yasipofika.
Kwenye karia, palipokaa mkoba wake wa idara ya maji,
leo wamekaa abiria wengine: pampu,
machungwa tisa ya Muheza,
na daftari lake, nimelifunga kwa utepe wa tyubu.

Kila Ijumaa, miaka ishirini na mmoja,
alikwenda bwawani kuangalia maji yamefika wapi.
"Nakwenda kusoma," ndiyo aga yake, basi.
Nami, mtoto, nikidhani maji yana herufi.

Kumbe pembeni mwa tarakimu aliandika njia:

*Baada ya kalvati, mchanga. Shuka, kokota, usijitie ujana.*
*Mbwa wa Sechonge. Usimtazame machoni.*
*Mteremko wa pili: upepo wa bure.*

Tukazifuata kama dawa ya daktari.
Kwenye mchanga Mwajabu alijitia ujana.
Nilimwokota, yeye na kandambili moja;
ile ya pili tuliitafuta hadi jua likatuchoma visogo.
Sechonge hayupo tena, wala mbwa yule,
ila mjukuu wa mbwa yule yupo,
na ukoo ule haujasahau miguu yetu.

Halafu katani.
Mistari inafunguka, inafumba, inafunguka,
ukikanyaga taratibu unaona hadi mwisho wa kila mmoja,
vumbi jekundu, mtu mmoja, mundu, kisha amefumbwa.
Ukikanyaga haraka huoni kitu ila kijani.
Nikapunguza.
Mwajabu akanipita akipiga kengele isiyolia,
akaisaidia kwa mdomo: "Ngring! Ngring!"

Na mteremko wa pili, naapa,
upepo ulikuwepo.
Tuliachia pedeli, tukatanua magoti,
wanawake wawili wanafunzi wa nani sijui wa utoto,
dada ana miaka hamsini na tatu,
khanga yake imejaa kama imeshiba.

Bwawa halikujitangaza. Lilianza kama harufu,
tope na majani yaliyolowa,
kisha baridi kwenye vifundo vya miguu,
kisha lote, limelala kati ya vilima
kama mtu aliyepitiwa na usingizi kwenye ndoo ya mwenziwe.
Mnandi mmoja alikuwa anaanika mbawa
juu ya nguzo yenye namba. Nguzo ya baba.

Tulikula machungwa. Tukasoma.
Mwajabu alisoma sita na nusu, mimi sita na robo,
tukabishana, mawimbi yakibadilisha jibu.
Nikafungua daftari nione yeye angeandikaje.

Ndipo nikaona.
Aprili ya mwaka mmoja, masika yamepamba moto,
Ijumaa tatu mfululizo, kipimo kile kile:
nane kamili, nane kamili, nane kamili.
Maji gani ya masika yanakaa kimya wiki tatu?
"Huyu hakufika hapa," nikasema. "Kaipikia serikali namba."
Nilicheka. Mtu aliyenichapa
kwa kujaza majibu ya hesabu bila kufanya kazi yake!

Mwajabu alikuwa anamenya chungwa la mwisho,
ganda likishuka refu bila kukatika.
"Aprili ile," akasema, "ulilazwa Bombo."

Hakuongeza. Akanipa nusu.

Niliandika chini ya mstari wa mwisho wa baba
sita na robo, kisha nikaifuta,
nikaandika ya dada.

Tanga wanasema waja leo, waondoka leo.
Tuligeuza magurudumu, jua limetukalia mabegani,
mchanga ukitungoja, na mjukuu wa mbwa.
Kwi, kwi, kwi, ikaanza tena nyuma yangu.
"Mafuta," akasema Mwajabu.
"Iache," nikamwambia. "Iache kidogo."